Je, Wajua? Simu, Kidonge na Mgonjwa Aliyerudi Kliniki

JE, WAJUA kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa ni karibu nusu tu? Ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivyokadiria katika ripoti yake ya mwaka 2003, likaongeza kuwa katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo yule jirani anayemeza dawa ya presha siku kichwa kinapomgonga, kisha anairudisha kabatini mpaka kimgonge tena, ana wenzake London na New York.

JE, WAJUA kwamba jaribio mojawapo linalotajwa sana duniani kuhusu simu na matibabu lilifanyika Kenya, na ujumbe wake ulikuwa neno moja la Kiswahili? Linaitwa WelTel. Lilihusisha watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki 3, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Kila wiki nusu yao walitumiwa ujumbe: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza naye alipigiwa. Basi. Hapakuwa na programu ya kupakua wala somo la afya, na dawa yenyewe haikutajwa.

Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa. Maneno ya mtu unaweza kuyatilia shaka, ila kipimo cha damu hakina aibu: virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Utazame vizuri ujanja wa ujumbe ule. Simu nyingi majumbani hazina siri. Mume anaishika, mtoto anaichezea, shemeji anaiazima apige mara moja tu. "Mambo?" inaweza kusomwa na yeyote kati yao na isifichue kitu, wakati ujumbe wa "kumbuka ARV zako" ungeweza kumaliza ndoa kabla ya saa ya kula. Tena amri mtu huipuuza bila kujisikia vibaya, lakini ukijuliwa hali na ukakaa kimya, unasutwa na nafsi yako.

JE, WAJUA kwamba kukumbushwa kila siku kunaweza kusisaidie kitu? Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, wagonjwa 431 wa UKIMWI walipewa simu na chupa za dawa zenye kifuniko kinachorekodi kila kinapofunguliwa. Wengine walitumiwa ujumbe wa kila siku, wengine wa kila wiki, wengine hawakutumiwa. Baada ya wiki 48, asilimia 53 ya waliokumbushwa kila wiki walikuwa wamefikia kiwango cha kumeza asilimia 90 ya dawa zao au zaidi, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa. Na wale wa kila siku? Hawakutofautiana na wasiotumiwa kabisa. Simu ikilia saa ile ile kila siku sikio huizoea, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga.

Watafiti hao hao walijaribu kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo. Hayakuongeza chochote. Nayasema haya kwa faida ya maofisa wanaopenda kumalizia kila ujumbe wa hospitali kwa kaulimbiu.

JE, WAJUA kwamba Yaoundé, Kameruni, wagonjwa 200 wa UKIMWI waliwekwa kwenye jaribio la ujumbe wa kila wiki wa kuwatia moyo, na baada ya miezi 6 haikuonekana tofauti ya maana? Nchi nyingine, ujumbe mwingine, jibu jingine.

JE, WAJUA kwamba miji miwili, Karachi na Nairobi, ilijaribu jambo linalofanana kwa wagonjwa wa kifua kikuu na kupata majibu yaliyo mbali kama mashariki na magharibi? Dozi ya TB ni ya miezi 6. Mwezi wa pili kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, mtu yuko kazini, na vidonge vimebaki vya miezi minne. Hapo ndipo watoro wa dawa wanapozaliwa.

Karachi, watu 2,207 walishiriki jaribio lililoitwa Zindagi SMS. Waliokuwa kwenye mpango walitumiwa ujumbe kila siku, nao walitakiwa kujibu wakishameza: waandike, au wabipu tu ili wasikatwe salio. Asiyejibu alikumbushwa tena siku ile ile. Mwishowe waliofanikiwa katika matibabu walikuwa asilimia 83 kwa waliotumiwa ujumbe na asilimia 83 kwa wasiotumiwa. Sare tupu.

Nairobi, mpango ulioitwa Keheala ulitumia menyu ya nyota na reli, ile inayofanya kazi hata kwenye simu ya kitochi. Mgonjwa alithibitisha kila siku kwamba amemeza. Asipothibitisha, alikumbushwa, akiendelea kunyamaza, watu wa kumsaidia walimtafuta wenyewe. Jaribio hilo la watu zaidi ya 1,100 katika kliniki 17 lilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la New England: ambao matibabu yao hayakufanikiwa walikuwa asilimia 13.1 kwa wale wa huduma ya kawaida, na asilimia 4.2 tu kwa waliokuwa kwenye mpango.

Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, Karachi mgonjwa alikuwa akiijibu mashine, na Nairobi alijua kwamba kimya chake kitamfikia mtu. Zipo tofauti nyingine za miji na za huduma, na siwezi kudai kwamba hii ndiyo sababu pekee. Lakini ukiirudia WelTel utakuta jambo lile lile: nyuma ya "Mambo?" palikuwa na mhudumu wa kupokea "Shida" na kunyanyua simu.

JE, WAJUA kwamba kisanduku cha dawa kinaweza kuushinda ujumbe wa simu? Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa baadhi ya wagonjwa wa TB kisanduku chenye kengele kinachorekodi kinapofunguliwa. Watafiti walihesabu miezi ambayo mgonjwa aliruka angalau moja ya tano ya dozi zake. Kwa huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 30 ya miezi yote. Kwa waliotumiwa ujumbe peke yake, karibu vile vile. Kwa wenye kisanduku, asilimia 17. Sababu haiko mbali: ujumbe unakukuta kwenye daladala, kidonge kiko nyumbani. Kengele ya kisanduku inalia pale pale dawa ilipo.

JE, WAJUA pia kwamba vitu vyote hivyo ukivijaza kwenye kapu moja vinaweza kushindwa? Marekani waliwachukua watu 1,509 waliotoka hospitali baada ya shambulio la moyo. Baadhi walipewa chupa za dawa zinazotoa taarifa zenyewe, bahati nasibu ya kila siku kwa atakayemeza, nafasi ya kumchagua ndugu au rafiki wa kuarifiwa akizembea, na watu wa kuwafuatilia. Mwaka ulipoisha, hawakuwa wamepungukiwa na marudio ya ugonjwa kuliko wenzao kwa kiasi cha maana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Nayataja kwa sababu wauzaji wa programu za simu hawatakutajia.

JE, WAJUA kwamba kalamu ya mgonjwa mwenyewe ni kifaa cha tiba? Katika kampuni moja Marekani, wafanyakazi walikumbushwa kwa barua kwamba kuna chanjo ya mafua. Baadhi ya barua zilikuwa na nafasi ya kujiandikia siku na saa watakayokwenda. Hakuna aliyekagua walichoandika. Hata hivyo waliochanjwa waliongezeka kwa pointi 4.2 za asilimia. Hapa kwetu kadi ya kliniki hujazwa na nesi kwa mwandiko anaoujua yeye na Mungu wake.

JE, WAJUA kwamba hospitali za Barts, mashariki mwa London, zilipunguza wanaokosa miadi kwa kubadilisha sentensi moja tu? Ujumbe wa kawaida uliacha asilimia 11.1 ya wagonjwa bila kutokea. Ujumbe uliotaja kwamba miadi moja ikipotea inaigharimu huduma ya afya ya taifa kama pauni 160 uliishusha mpaka asilimia 8.4. Utafiti huo ni wa mwaka 2015. Tusikimbilie kuiga, lakini. Mwambie mama aliyefika hospitali alfajiri, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, kwamba yeye ndiye anayeitia serikali hasara. Jibu atakalokupa halichapishiki humu.

JE, WAJUA kwamba watu huikubali miadi wasiyoiomba? Kwenye chuo kikuu kimoja Marekani, wafanyakazi walioandikiwa kwamba wameshapangiwa siku na saa ya chanjo ya mafua, na wanaweza kuifuta wakitaka, walichanjwa kwa asilimia 45. Walioambiwa wapange wenyewe walichanjwa kwa asilimia 33.

JE, WAJUA maneno yaliyoshinda kati ya jumbe 22 zilizopimwa kwa wateja wa maduka ya dawa ya Walmart wapatao 690,000? Ni yale yaliyosema chanjo yako inakusubiri. Wastani wa jumbe zote uliongeza wachanjwaji kwa pointi 2 tu za asilimia. Kidogo, ndiyo, ila ujumbe nao ni wa senti chache.

JE, WAJUA kwamba umbali mfupi na ukosefu wa senti chache vinaweza kumzuia mtu asijue hali yake ya UKIMWI? Mwaka 2004, vijijini Malawi, watu walipimwa majumbani kisha wakatakiwa kufuata majibu kwenye kituo cha karibu. Bila motisha, asilimia 34 ndio waliokwenda. Walioahidiwa fedha, hata kiasi cha sehemu ya kumi tu ya ujira wa siku, walikwenda zaidi ya maradufu. Tulizoea kusema watu wanaogopa majibu. Woga gani unaoyeyuka kwa fedha ya kununua andazi? Wengi walikuwa wakisema "kesho", na ngoja ngoja huumiza matumbo.

JE, WAJUA kuhusu dengu za Udaipur? Katika wilaya hiyo ya India, vijiji ambavyo havikupewa huduma ya ziada vilikuwa na watoto asilimia 6 waliokamilisha chanjo. Zilipoletwa kambi za chanjo za kila mwezi zisizokosa mhudumu, wakafika asilimia 18. Mama alipopewa kilo moja ya dengu kila alipomleta mtoto, na sahani za chuma mtoto alipomaliza, wakafika asilimia 39. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshiriki kuuandika utafiti huo, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Busia, Kenya.

Siaya dengu ziligeuka M-Pesa. Wazazi waliotumiwa ujumbe wa kukumbushwa chanjo pamoja na ahadi ya shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyopatikana kwa wakati walikamilisha kwa asilimia 90. Wasiotumiwa chochote, asilimia 82. Ujumbe bila fedha uliishia katikati.

JE, WAJUA kwamba Shinyanga alama ya kidole iligeuzwa kuwa dawa? Hili linastahili kusimuliwa polepole. Watu 530 walioanza dawa za kufubaza virusi katika kliniki 4 waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipata huduma ya kawaida. La pili liliahidiwa shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwezi, la tatu shilingi 22,500, kwa muda usiozidi miezi 6, kwa sharti moja: fika kliniki siku yako. Mgonjwa akifika, mfumo wa kielektroniki unamtambua kwa kidole chake na kuandaa malipo, ambayo yangeweza kuingia kwenye simu. Hakuna kusaini daftari wala kumbembeleza mhasibu.

Baada ya miezi 6, waliokuwa bado kwenye huduma na virusi vyao vimefubazwa walikuwa asilimia 73 ya kundi la kwanza, 83 la pili na 86 la tatu. Angalia pengo lililopo kati ya elfu kumi na elfu ishirini na mbili na mia tano: dogo mno. Kazi kubwa ilifanywa na zile elfu kumi za mwanzo, ambazo kwa mtu wa kijijini ni nauli ya kwenda na kurudi na chochote cha kuweka tumboni. Wanaouliza kwa nini mgonjwa alipwe ili ajitibu waanze kwa kuuliza nauli ni kiasi gani.

JE, WAJUA kwamba sanduku la bati lenye tundu na kufuli liliongeza fedha zinazotumika kwenye kinga ya maradhi kwa asilimia 66? Ni magharibi mwa Kenya tena, kwa wanachama wa vyama vya kuchangishana. Simu haikuhusika. Mwenye sanduku alikaa na ufunguo wake mwenyewe, ila fedha ikishaingia humo inakuwa "ya hospitali", na ni rahisi kumwambia binamu kwamba huna.

JE, WAJUA kwamba Unguja simu iliwasaidia wajawazito wa mjini na kuwaacha wa shamba? Mradi wa mwaka 2009 hadi 2010 ulihusisha vituo vya afya 24 na wanawake 2,550. Baadhi yao walitumiwa jumbe za ujauzito wao na kupewa vocha ili waweze kumpigia mhudumu wakipata tatizo. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, dhidi ya asilimia 47 katika vituo vingine. Lakini karibu faida yote ilikuwa ya wanawake wa mjini. Ujumbe unaweza kumshawishi mama aondoke nyumbani. Gari la kumbeba usiku hauwezi kulileta.

JE, WAJUA kwamba ukunga una hesabu ya ucheleweshaji wa aina tatu? Kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliupanga hivyo mwaka 1994, na mpaka leo ndivyo vifo vya uzazi vinavyochambuliwa. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, ulioanzia Kanda ya Ziwa, unaushika ule wa pili: unapiga 115 bila malipo, gari la wagonjwa lisipokuwapo anaitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Anayesitasita kwa sababu ya nauli anaondolewa sababu, kwa hiyo hata ule wa kwanza unapungua.

JE, WAJUA kwamba mwezi Novemba 2012 ilitosha kuandika MTOTO kwenda 15001 ili uanze kupokea jumbe za Wazazi Nipendeni za Tanzania, zilizofuata wiki za mimba yako? Kilichonifurahisha ni kwamba waliruhusiwa kujisajili hata waume na wasaidizi wengine wa mama. Anayetoa nauli nyumbani si lazima awe mwenye mimba.

JE, WAJUA kwamba MomConnect ya Afrika Kusini, iliyoanza Agosti 2014, iliwapa akina mama nafasi ya kulalamika na kupongeza, na pongezi zikazidi malalamiko kwa mbali? Manesi wengi wangependa kuisoma habari hiyo.

Wao nao hukumbushwa. Katika vituo 107 vya vijijini Kenya, wahudumu walitumiwa kwa miezi 6 jumbe fupi kuhusu matibabu sahihi ya malaria ya watoto, kila moja ikiwa na usemi wa kuchangamsha. Usahihi ulipanda kwa pointi 23.7 za asilimia, na miezi 6 baada ya jumbe kukoma ulikuwa juu kwa pointi 24.5. Katika yote niliyoyataja, sijaona jingine lililodumu namna hiyo baada ya simu kunyamaza. Huenda mhudumu anaokolewa na jambo moja: ugonjwa ule ule unarudi mbele yake kila siku, akapata pa kufanyia mazoezi.

JE, WAJUA kwamba shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa mwaka 2023 akili bandia inayojibu kwa Kiswahili, ikaitwa UlizaLlama? Shirika hilo hilo lina huduma ya PROMPTS, ambako mama anauliza kwa ujumbe wa kawaida, kompyuta inayapanga maswali kwa uzito wake, na yenye dalili za hatari yanasukumwa mbele kwa wahudumu. Kutokwa damu hakupangwi foleni moja na swali la kula mananasi.

JE, WAJUA kwamba taarifa zako za afya zinalindwa kisheria? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kujua namba yako inatumiwa na nani na kwa kazi gani.

Basi safari ijayo nesi akikuomba namba ya simu, mpe. Iandike tarehe ya kurudi kwa mkono wako mwenyewe. Kisha muulize swali moja kabla hujanyanyuka: nikijibu ujumbe wenu kwamba nina shida, ni nani atakayeusoma?